Nilimuigiza Mjukuu Wangu Akipiga Kinanda, Kanisa Zima Likacheka

Kosa ni langu, na sitaki mtu anitafutie pa kujificha. Hata huyu anayeniandikia, binti wa mpangaji wangu, ameniambia, "Bibi, si ulikuwa utani tu?" Nimemwambia andika ninavyosema. Mimi shule sikukanyaga, kalamu naiona kwa watu, lakini uchafu wangu naujua bila kusomewa.

Nauza karanga na ubuyu Majengo, hapa Dodoma mjini. Kazi yangu ya pili, ambayo hakuna aliyenipa, ni kuigiza watu. Nikimsikia mtu mara moja tu, nimeshambeba. Afisa wa soko anavyoongea kama amebana maji mdomoni: "Akina mama, hapa ni njia ya waenda kwa miguu." Mhubiri wa pale kwenye bajaji anavyomkemea shetani mpaka sauti inakatika. Mtu anakuja kununua kipimo kimoja cha karanga, anakaa saa nzima. Nilikuwa naona raha. Sasa nikikumbuka nasikia kinyaa, kama mtu aliyemaliza maziwa akakuta nzi chini ya kikombe.

Nina mjukuu, nimwite Salome, siyo jina lake. Tangu mdogo, mtawa mmoja wa misheni alimfundisha kinanda, kile cha kusoma kwenye karatasi zenye mistari na viluwiluwi. Akakua nacho, akaenda chuo cha muziki, akarudi kwangu na cheti, kinanda kiko ndani ya mfuko mrefu amekibeba kama mgonjwa. Akasema, "Bibi, mimi sasa natunga."

Nikamwambia, "Hata jipu linatunga."

Akasema, "Basi nikae karibu na wewe, usaha unao wewe."

Tukacheka. Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Anakuchokoza, unamchokoza, hakuna kununa.

Kila asubuhi anafanya mazoezi. Sauti zinapanda ngazi, zinashuka ngazi, wimbo hakuna. Anaweka sarafu mgongoni mwa mkono, vidole vinakimbia, sarafu haianguki. Mtawa ndivyo alivyomzoeza. Umeme ukikatika anahamia mezani, anapiga mbao tupu, macho amefumba, kichwa kinaenda huku na huku.

"Unasikia nini hapo?"

"Nasikia yote, bibi."

Mimi nilikuwa nasikia mchwa tu.

Mwaka jana parokia moja njia ya Msalato ikawa inatafuta mwalimu wa kwaya. Siyo wa kujitolea, wa kuajiriwa kabisa, na chumba nyuma ya kanisa, na humo ndani kuna piano ya zamani isiyo na mtu. Salome alipoiona ile piano alirudi nyumbani ugali haupiti. Paroko akamwambia, "Tutungie wimbo wa Jumapili ya mavuno. Kwaya iuimbe, waumini wausikie, halafu kamati itaamua." Basi. Maisha yote ya mtoto yakawa yamening'inia kwenye wimbo mmoja.

Aliutunga, akawafundisha. Ulikuwa unaanza na kinanda peke yake, taratibu, halafu kimya, halafu wanawake wanaingia chini chini. Wanakwaya wenyewe wamezoea kuanza na ngoma na kuzungusha viuno. Walinung'unika, lakini waliushika. Mwenyekiti wa kwaya, mtu wa kuongelea puani, alipita kwangu kununua ubuyu akasema, "Mama, mjukuu wako atatuua na huo ukimya. Ila jana, mh, nywele zilinisimama." Hilo la nywele sikulibeba. Nilibeba la ukimya.

Siku moja sokoni wateja hakuna, mama muuza mchicha akasema, "Bibi, tuigizie basi yule msomi wako."

Ningeweza kusema hapana. Nilichukua karanga moja nikaiweka mgongoni mwa mkono. Gunia la ubuyu likawa kinanda. Nikafumba macho, nikalegeza shingo kama kuku aliyechinjwa vibaya, nikaanza kudonoa. Pli, pli, pli. Halafu nikanyamaza, kidole juu, mdomo wazi. "Tulieni, nasikia yote." Nikamalizia na pli moja. Mama wa mchicha alikaa chini kwenye vumbi kwa kicheko. Dada wa nafaka alikuwa ameshatoa simu, ananichukua.

Ikasambaa. Grupu la mtaa, grupu la jumuiya, grupu la kwaya. Salome alinifuata jikoni na simu mkononi.

"Bibi, hii umefanya lini?"

"Juzi. Nimekupatia?"

Akaiangalia tena mpaka mwisho. "Umenipatia kabisa," akasema. "Nakuomba usirudie, mpaka mavuno yapite."

"Usiwe na moyo wa karatasi, wewe."

Nilirudia kesho yake. Na kesho kutwa. Watu walikuwa wanatoka mitaa mingine wanasema, "Bibi, na sisi." Sifa ni pombe, mwanangu, tena ile ya kienyeji, ukianza asubuhi huikumbuki jioni.

Jumapili ya mavuno kanisa lilijaa. Magunia ya mtama na uwele mbele ya altare, mbuzi wamefungwa nje wanalia. Mimi nikakaa benchi la mbele, bibi wa mtunzi, na kitenge kipya. Kamati wamejipanga upande wa kulia.

Salome akaanza. Nisikudanganye, ule wimbo sikuuelewa. Lakini watoto walinyamaza, na watoto siku ya mavuno huwa hawanyamazi. Mwenyekiti wa kamati aliegemea mbele, mkono shavuni. Ndipo ile sehemu ya kimya ikafika. Kidole cha Salome kiko juu.

Nyuma huko mtu akasema, "Pli."

Mmoja tu. Kicheko kikaanza kidogo kidogo, kama sufuria inayotaka kuchemka. Benchi langu lote likageuka kuniangalia. Wengi walikuwa bado hawajacheka. Walikuwa wananingoja mimi.

Hapo ndipo penyewe. Ningekunja uso, wangenyamaza, maana wananiogopa. Hakuna anayetaka kuwa yeye wa kuigizwa kesho pale sokoni. Salome naye aliniangalia kutoka kwenye kinanda. Aliniangalia kama mtu anayekuomba umshikie mlango.

Mikono yangu ikapanda. Nimekuwa nikiwaambia watu ilipanda yenyewe. Uongo. Niliipandisha mimi. Nikafumba macho, nikalegeza shingo, nikadonoa hewa.

Kanisa likapasuka. Yule yule mwenyekiti wa kamati alifuta machozi kwa leso. Wanawake wa kwaya walitakiwa waingie, wakashindwa, mabega yanatikisika. Salome akangoja. Akairudia ile sehemu, akawapa nafasi mara ya pili. Hawakuingia. Akazima kinanda, akaweka mikono mapajani, akakaa hivyo mpaka misa inaisha. Kwaya wakaimba ile yao ya ngoma, watu wakacheza, magunia yakabarikiwa.

Wiki ile mwenyekiti wa kamati akaja nyumbani na upole wake: "Binti yetu, kipaji unacho. Kipaji kikubwa, sana tu. Ila tumeona tupate mtu ambaye... ataendana na waumini." Hapa nimemuigiza, anayeniandikia amecheka. Umeuona ugonjwa wangu? Hata kwenye kuungama nachekesha.

Baadaye nilimwomba dada wa nafaka anionyeshe ile picha ya simu, maana mimi nilikuwa sijawahi kujiona. Nikaona bibi kizee, meno yamebaki ya kuhesabu, ulimi umechungulia nje, mate kwenye kona ya mdomo, anafurahi. Anafurahi mno. Yule mwanamke ningekutana naye njiani ningetema mate nikavuka upande wa pili. Nikamrudishia simu yake. Siku ile karanga zilinishinda kula, hata harufu yake.

Salome sasa anapiga kwenye kumbi za harusi. Nilikwenda kuona moja. Anabonyeza kitufe, ngoma inajipiga yenyewe, na yeye ameweka kidole kimoja tu pale, anamwangalia MC amwambie lini azime. Mkono uliofundishwa miaka yote ile. Watu wanapita na sahani za pilau hata hawajui kuna mtu nyuma ya kile chombo.

Na nyumbani ananiheshimu. Wengine mtasema si vizuri. Sikiliza. Kwetu Wagogo, mjukuu akianza kukuheshimu, umekwisha. "Shikamoo bibi, umeamkaje, maji yako nimeshachota." Namwita mke mwenza, namwambia babu yako marehemu amenichagua mimi kwa uzuri, ananiitikia, "Ndiyo, bibi." Ndiyo, bibi! Zamani angenijibu babu alikuwa haoni vizuri.

Kabla ya Kwaresima nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Twende Majengo. Uniigize mimi, mbele yao wote. Uniige ninavyotembea, uniige meno, usiache kitu. Tuwe sawa."

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Mimi sijui kuigiza, bibi," akasema. "Nilikuwa najua kupiga tu."

Sasa wewe unayechekesha watu, uwe sokoni, uwe kijiweni, uwe na simu yako. Mtani ni yule anayeweza kukurudishia. Mkiwa wawili jikoni, chokozaneni mpaka mchoke. Ukimtoa nje ukampeleka kwa watu ambao bado hajawa mtu kwao, ukawapa wamcheke kabla hawajamsikia, huo utani umekufa, unamla mtu wako nyama. Na wakigeuka kukuangalia, ujue ndiyo nafasi yako ya mwisho. Kunja uso. Kalia mikono yako.

Ule wimbo mimi sijui unaishaje. Nimewauliza wanakwaya wanidokeze hata kidogo. Wanasema wameshausahau.