Ukanda wa Nyasi Kwenye Diski

Niliporudi nyumbani Mbooni, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, tasnifu yangu ya uzamili juu ya mvua za Ukambani ilikuwa kwenye disketi ndani ya mkoba. Tangu watahini waikatae sikuwa nimethubutu kuifungua. Mkoba wenyewe niliusukuma chini ya kitanda. Baba aliuona. Aliniambia tu kwamba kompyuta yake, iliyokuwa katika chumba alichokodi sokoni ili kuwapigia watu chapa kadi za harusi na ratiba za kanisa, haikuwa na kazi asubuhi.

Hata hivyo, hesabu zangu zilihitaji mfumo mwingine wa uendeshaji, naye Baba alijua DOS pekee. Ikabidi diski kuu igawanywe: yeye upande wake, mimi upande wangu, na kompyuta iulize kila inapowashwa ni mfumo upi uamke. Kosa moja katika kugawa lingefuta kazi yake yote. Niliinakili kwenye disketi, nikainakili tena, kisha nikachora mpango kwenye karatasi, nikaufuta, nikauchora upya. Siku zilipita nikichora.

Hatimaye Baba alivuta kiti, akautazama ule mchoro: mistatili miwili, mstari mmoja katikati.

"Mwaitu," alisema. Aliniita hivyo, mama, kwa sababu nilirithi jina la mamake. "Na nyasi za ng'ombe ziko wapi?"

Kati ya shamba letu na la baba mdogo, juu ya ukingo wa mtaro unaozuia udongo usiporomoke, kulikuwa na ukanda wa nyasi ambazo kila upande ulikata kulisha ng'ombe wake. Hapo ndipo Baba na nduguye walipokuwa wakisimama, panga mkononi, wakajuliana hali.

Nikaongeza sehemu ya tatu, ndogo, ambayo mifumo yote miwili ingeweza kuisoma. Kisha, kabla sijaanza kufikiri tena, nikabonyeza kitufe cha kugawa. Baadaye DOS iliamka, na kadi za harusi zilikuwapo zote.

Katika sehemu ile Baba akawa ananiwekea ratiba za kanisa nisahihishe. Siku moja nami nikanakili humo tasnifu yangu, bila kuifungua, wala sikumwambia.

Ilipita kama wiki. Tulikuwa tukila muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, aliposema, "Nimeisoma. Nimefika mwisho."

Nilimuuliza kama aliielewa. Akasema kidogo sana. Zile hesabu alizipita macho chini, kama mtu anayepishana na mama mkwe.

"Lakini siku ile ya mvua, mwaka uliozaliwa," akaendelea, "umeandika huenda ilinyesha kutwa nzima."

Nikaeleza kwa kirefu kwamba vipimo vya siku ile vilikosekana, na kwamba mtafiti hana budi kujihadhari. Alisubiri nimalize.

"Huenda nini, mwaitu? Mimi nilinyeshewa. Ulikuwa ndani ya koti langu."

Nilicheka hadi nikaweka sahani chini, na sijui ni wakati gani kicheko kiligeuka kuwa machozi. Baba aliniongezea maharagwe.

Asubuhi niliifungua tasnifu, nikaifuta ile "huenda" moja. Nyingine niliziacha kwanza. Baadhi zilikuwa za lazima. Kisha nikaanza kuisoma tangu ukurasa wa kwanza.