Mbweha Anatoka Lubumbashi

Mimi ni muuzaji. Nikitaka kujua kama kitu kitauzika, sikitazami kitu chenyewe, namtazama anayekitazama. Ndiyo maana Jumamosi ya tatu ya sinema, siku niliyoingia kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa parokia kule Molenbeek, Brussels, nilichukua kiti changu nikakigeuza, picha nikaipa mgongo, watu nikawapa uso. Papa Désiré, mwenye sinema, alidhani namdharau. Wala. Nilitaka kujua ni nini kinachowatoa nyumbani watu wazima arobaini, wengine hawana hata mtoto wa kuazima, waje Jumamosi mchana kutazama wanyama wa kuchorwa.

Mashine ya kutupia picha ukutani ilikuwa yangu. Nilikuwa nimenunua kwa mkupuo vitu vya ofisi moja iliyofungwa karibu na stesheni ya Gare du Nord: viti, makabati, taa za mezani, na hiyo mashine. Viti vilitoka siku mbili. Mashine ikabaki dukani, watu wanaishika na kuirudisha. Papa Désiré, ambaye miaka yote ndiye aliyekuwa akipiga deki ofisi ile alfajiri, akanijia.

"Maman Régine, nipatie ile machine. Inakulalia bure tu."

"Ya kufanya nini?"

"Kuonyesha batoto sinema."

"Batoto gani? Weye uko na mujukuu mumoja."

"Bon, alors ya yule mumoja."

Nikampa. Si kwa huruma. Nilijiambia, kama watu watajaa, nitajua kuna biashara. Wasipojaa, nitajua hakuna, na kujua huko sitakuwa nimekulipia.

Papa Désiré ana miaka sitini na mmoja. Ni mtu wa Kadutu, mtaa wa Bukavu, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Ujanani alifanya kazi katika ukumbi wa video: mabenchi ya mbao, jenereta nje, televisheni moja juu ya kabati. Filamu zilikuja za Kichina na za Kihindi, na yeye alisimama kando na kipaza sauti akizieleza kwa Kiswahili. Kichina hakujua hata neno moja. Kihindi vilevile. Alitazama midomo na mikono, akawawekea watu maneno yao. Watu walilipa kumsikiliza yeye, na wengine walirudia filamu ileile kwa sababu kesho yake ilikuwa na maneno mengine.

Kisha vita. Aliondoka peke yake, akamwacha binti yake Michelle kwa shangazi, akisema atamwita akishapata pa kukaa. Karatasi zilichukua miaka sita. Michelle alifika Brussels akiwa na miaka kumi na tano, akamsalimia baba yake kwa mkono, kama anavyosalimiwa mwalimu. Leo Michelle anaishi Uccle, kwenye miti na bustani, ana kazi nzuri na binti wa miaka saba, Kelly. Papa Désiré anaishi chumba kimoja karibu na mfereji. Michelle alikuwa amemleta Kelly chumbani humo mara mbili, na mara zote mbili mtoto alikaa kitandani akiuliza mama anarudi saa ngapi. Kifaransa cha babu ni cha kazini: ndoo, ghorofa, ufunguo. Kiswahili cha Kelly ni "aksanti" na "kuya", yaani njoo. Hapo hata mimi nisingejua mazungumzo yaanzie wapi.

Sinema ilianza kwa shida hiyo. Babu alikwenda maktaba ya mtaa, akaazima filamu ya wanyama, akamwambia Michelle amlete mtoto Jumamosi kwenye ukumbi wa parokia. Akapunguza sauti mpaka Kifaransa kikawa mnong'ono, akashika kipaza sauti. Kelly hakuelewa nusu ya maneno, lakini alielewa kwamba babu yake ni fisi, na ni kobe, na ni mvua. Jumamosi ya pili walikuja watoto kumi na wawili. Ya tatu watu wazima walikuwa wengi kuliko watoto.

Basi mimi na kiti changu tukaona jambo. Ukumbini kulikuwa na vicheko viwili. Mnyama akianguka, watoto wanacheka palepale. Wakubwa wanachelewa kidogo, halafu wanacheka kitu kingine: mama kobe anayesema "niko sawa" huku gamba limepasuka, baba kobe anayejifanya anajua njia. Mtoto anamtazama mtoto wa kobe, mkubwa anawatazama wazazi. Bidhaa moja, wanunuzi wawili, na kila mmoja anadhani imetengenezwa kwa ajili yake. Nimeuza vitu miaka ishirini na mbili, sijapata kuwa na bidhaa ya namna hiyo.

Nikamuuliza Bienaimé, kijana anayepakia mizigo uwanja wa ndege, hana mke wala mtoto.

"Weye unafuata nini hapa?"

Akafikiri. "Tantine, filamu ya bakubwa, mubaya anakuya, unajua atapiga muntu bunduki. Hii, mubaya anakuya, hujui kama ataimba."

"Ni hiyo tu?"

"Na bintu vya kweli banaviachia wanyama babiseme. Muntu akinisemesha vile, nitakasirika. Kobe akisema, ninasikia."

Jibu hilo lilinitosha kwa juma moja.

Sasa ukisema peke yako kwa mdomo mmoja, na kuna wanyama kumi, watu watajuaje nani anasema? Papa Désiré alikuwa na dawa yake ya tangu Bukavu: kila mhusika na kwao. Tajiri anasema Kifaransa cha kubana pua. Askari anachanganya Lingala. Mama mzuri ni wa Bukavu. Na mwizi, mdanganyifu, mwoga, huyo ni wa Lubumbashi, maneno yanavutwa, "njo vile, bwanaaa", yaani ndivyo hivyo, kichwa kinainama. Kule Kadutu ukumbi mzima ulikuwa unaanguka kwa kicheko. Kule Kadutu, lakini, hakukuwa na mtu wa Lubumbashi aliyeshika ufunguo wa mlango.

Hapa alikuwako. Maman Lucienne ndiye mwenye ufunguo wa ukumbi, miaka kumi na minne sasa. Ni mwanamke mpana, anahudumia wazee katika nyumba ya wazee, na parokia haijui sufuria zake ziko wapi bila kumuuliza. Jumamosi ya nne ilikuwa filamu ya bata bukini. Bata msichana anakataa kuruka na wenzake kwenda nchi za joto. Baridi inamkuta peke yake. Mbweha anamfungulia nyumba yake. Mbweha akafungua mdomo, na Lubumbashi ikatoka.

Taa zikawaka. Maman Lucienne alikuwa amesimama kwenye swichi.

"Désiré, simamisha ile kitu!"

Mbweha akaganda ukutani, meno nje.

"Maman, kuko nini?"

"Samedi ya kwanza, fisi muoga: Lubumbashi. Kisha mujusi mwizi: Lubumbashi. Leo mbweha mudanganyi: tena Lubumbashi! Kwenu Bukavu hakuna mwizi?"

"Bako, maman!" mtu akapiga kelele nyuma. "Bengi!"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Mais Maman Lucienne," akasema Papa Désiré, "ni mambo ya batoto tu."

"Ya batoto? Alors sababu gani weye na mvi zako unaichekaka wa kwanza?"

Nilitamani ajibu, maana swali lilikuwa langu pia. Akainama kuchomoa waya wa mashine. Maman Lucienne alingoja mpaka mtu wa mwisho atoke, akafunga mlango, ufunguo akautia mkobani.

Michelle alikuja kumchukua Kelly, akatukuta wote barabarani. Aliposikia yaliyotokea hakugomba. Alisema tu kwamba kuna nafasi ya kujifunza kuogelea Uccle, kila Jumamosi mchana, na orodha inafungwa Jumamosi ijayo.

"Kama sinema imekwisha, Papa, ninamuandikisha piscine. Hawezi kukaa chumbani kwako kutazama ukuta."

"Haiyakwisha," akasema Papa Désiré.

"Bon. Tutaona samedi."

Akabaki amesimama na waya wa mashine mkononi. Nilimjua mtu anayepoteza kitu asichoweza kununua kingine. Nikamwambia: "Kesho kutwa tunaenda kwa Lucienne. Usibebe kitu." Mwenye kubeba zawadi ameshashusha bei yake mwenyewe kabla ya kugonga mlango.

Maman Lucienne alitukaribisha, akatupa viti, hakutupa chai. Papa Désiré akaomba msamaha vizuri, kisha akaharibu.

"Tangu leo, maman, muzuri wa filamu njo atatoka Lubumbashi. Bata mwenyewe. Sikiya." Akasema maneno matatu ya bata kwa sauti ya Lubumbashi.

Maman Lucienne akatikisa kichwa.

"Unaona? Hata ukitupatia uzuri, unatuchekelea. Wee hauna ile sauti. Uliiokota tu."

Hapo niliona mlango. Mnunuzi anayekutajia kasoro ya kitu bado hajaondoka dukani.

"Kweli hana," nikasema. "Nani anayo?"

"Mi sina nafasi."

"Hakuna aliyekuomba, maman."

Maman Lucienne akainama mezani. Akapanga kitambaa cha meza ambacho kilikuwa kimeshapangwa. Halafu akasema, kama mtu anayeuliza habari ya mvua: "Ile filamu, mwisho inaendaka aje? Mi nilizima katikati."

Papa Désiré alikuwa na DVD ya filamu mfukoni. Tukaitazama kwa televisheni ya Maman Lucienne, kwa Kifaransa chake chenyewe, mwanzo mpaka mwisho. Mimi nikageuza kiti. Ilipofika mahali mbweha anamfunika bata kwa mkia wake usiku wa theluji, kisha asubuhi anajiuliza amle au asimle, Maman Lucienne alisogeza kiti mbele. Nilijua tayari atachukua bata. Ndiyo nafasi ya heshima, na yeye alikuwa amelilia heshima. Nikakosea.

"Nipatie mbweha," akasema.

"Mais maman, ni ule mubaya!"

"Najua ni mubaya. Bata analialia tu, hana maneno. Mbweha iko na njaa, iko na nyumba, anafikiri. Ule ni muntu." Akanyoosha kidole. "Na sharti yangu ni moja. Ule baba bata, mwenye kuachaka mutoto nyuma, ule anatoka Bukavu. Na ni wewe utamusemesha."

Papa Désiré akaangalia mlango. Miaka thelathini hakuwahi kumpa mtu wa Bukavu kosa.

"Kubali," nikamwambia kwa mguu, chini ya meza.

Akakubali.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya radiator ya kupasha joto. Habari ya ugomvi ilikuwa imezunguka, na watu wa Katanga, mkoa wa Lubumbashi, ambao hatukuwahi kuwaona walikuja kulinda mbweha wao. Kelly alikaa mbele, kwenye sakafu. Maman Lucienne alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, kama kikombe cha chai ya moto.

"Mi mbweha," akaanza. "Banasemaka mi mubaya. Njo vile. Mais baridi ilipoingia, bata, nani alikufungulia mlango? Ni baba yako? Iko wapi, baba yako?"

Watoto walicheka, kwa sababu mkia wa mbweha ulikuwa umenasa kwenye birika. Wakubwa hawakucheka. Nilingoja kicheko chao cha kuchelewa, nacho hakikuja. Nikageuka kidogo nione nini kimewashika, na hapo nikamwona Michelle mlangoni. Alikuwa amekuja mapema, koti limefungwa, simu mkononi.

Kwenye picha baba bata alikuwa akirudi katikati ya theluji. Kwa Kifaransa anasema kitu kifupi sana, tulikisikia nyumbani kwa Lucienne: "Nimekuja." Papa Désiré alichukua kipaza sauti. Alikuwa amezoea kumwaga maneno. Safari hii alichelewa, picha ikaanza kumwacha nyuma.

"Nilitangulia kutafuta fasi," akasema, kwa Kiswahili cha Kadutu, bila kuigiza. "Nilizani ni siku mbili tatu. Kila siku nilikuwa ninageuka nyuma kutazama. Hukuwako."

Sijui kama aliona nani yuko mlangoni. Nimemuuliza baadaye, anasema alikuwa akitazama midomo ya bata. Mimi naishi kwa kusoma nyuso, na uso wa Michelle sikuweza kuusoma. Alivua koti, akalikunja, akatafuta kiti. Hakukuwa na kiti. Nikampa changu, naye akakigeuza kielekee picha.

Filamu ilipokwisha Kelly alimkimbilia babu yake.

"Papy, mbweha iko na batoto ngapi?"

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kumwambia kwa Kiswahili. Papa Désiré akafungua mdomo, akamtazama Maman Lucienne, akaufunga.

"Uliza mwenyewe. Ni wake."

"Six," akajibu Maman Lucienne bila kufikiri. "Na bote banasomaka."

Michelle alikuja akiwa na koti mkononi.

"Papa, piscine ni saa ileile ya sinema."

"Najua."

"Mercredi mchana batoto hawasomi," nikasema, maana Jumatano shule zinafungwa saa sita.

"Maman Régine, nani alikuuliza?"

"Hakuna."

Akafungua simu, akatazama ratiba, akapandisha na kushusha kidole. Papa Désiré alikuwa akikunja waya ambao alikuwa ameshaukunja.

"Mercredi kuko fasi, quinze heures," akasema Michelle, kidole kwenye saa tisa alasiri. "Donc samedi anaweza kubakia hapa. Mais utamurudisha nyumbani weye mwenyewe, mbele ya saa kumi na mbili ya jioni. Na hautarudia mlangoni. Utaingia, utakula."

Mimi ningeuliza kwanza wanapika nini. Papa Désiré alisema "oui" upesi, kabla bei haijabadilika, akamwomba Maman Lucienne amshikie waya ili avae koti.