Mbelu Tshiamala na nyama iliyooshwa Kasulo

Umeme umekuwapo Kolwezi, mji wa migodi wa Kongo, tangu alfajiri, na Mbelu Tshiamala hataki mtu amsemeshe. Ameinama juu ya mashine ya kukatia, mkono wa kulia unazungusha gurudumu polepole, wa kushoto umeshika brashi ndogo. Gurudumu likizunguka, kisu kinatoa utepe wa nta mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Katikati ya utepe kuna doa la ukubwa wa punje ya muhindi. Doa hilo limetoka kwenye titi la mama mmoja wa mtaa wa Kasulo.

"Usipumue hapa karibu," anasema bila kuinua kichwa. "Ukipumua itaruka. Ikiruka, mi nitakufukuza, hata kama umetoka gazeti ya wapi."

Mwandishi anaacha kupumua.

Mbelu anaunyanyua utepe kwa ncha ya brashi na kuulaza juu ya beseni la maji ya uvuguvugu. Unajinyoosha wenyewe. Anauchota kwa kipande cha kioo, anaketi, anafuta jasho. Nyama iliyobaki ndani ya nta ni kidogo mno, na kila akikata inapungua. Ikiisha kabla hajapata jibu, hakuna nyingine ya kupima, kwa sababu mwenyewe ameapa kwamba kisu hakitamgusa tena.

Mwenyewe ni Darlène Kapinga, muuza samaki wa sokoni Kasulo, mama wa watoto watano. Ameombwa ruhusa kabla jina lake halijaandikwa hapa. "Muandike," alijibu. "Mi sikuiba kitu ya mutu."

Mbelu ana miaka arobaini na tisa, na zaidi ya ishirini kati ya hiyo ameitumia katika maabara ya tishu ya hospitali moja ya misheni mjini hapa. Ni mfupi, mnene kiasi, na sauti yake inafika hadi geti la nje. Ukimkosea anakuchapa kwa maneno, na kabla hujamaliza kununa amekwisha kukumegea nusu ya muhogo wake. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi migodini. Baba yake alipima mizigo ya manganizi kule Kisenge, na huko ndiko Mbelu alikozaliwa.

"Tata alikuwa anapima majiwe, mi napima batu," anasema na kucheka. "Tofauti, majiwe hayakusumbue na maswali."

Kazi yenyewe ni hii. Daktari akimkata mgonjwa kipande kidogo cha uvimbe, kipande hicho hutiwa ndani ya formalini, dawa ya maji yenye harufu kali inayozuia nyama isioze. Kisha huletwa kwa Mbelu. Yeye huikausha kwa pombe kali ya maabara, huizamisha ndani ya nta, huikata, huilaza kwenye kioo na kuitia rangi ili daktari aone chini ya hadubini kama ni saratani au siyo.

Zamani kazi iliishia hapo. Siku hizi inaendelea. Saratani mbili za titi zinaweza kufanana kabisa machoni, lakini chembe za moja zina vipokezi vya homoni na za nyingine hazina. Mbelu hudondoshea nyama kingamwili inayovitafuta vipokezi hivyo, na vikiwapo, chembe hugeuka kahawia. Mwenye vipokezi kwa kawaida ugonjwa wake huenda polepole zaidi, na anaweza kutibiwa kwa vidonge vya kila siku vinavyozuia homoni. Asiye navyo, vidonge hivyo havimsaidii kitu. Huyo anahitaji dawa nzito za kutundikiwa mshipani, tena haraka. Chupa moja ya kingamwili ni ndogo kama kidole gumba, hutoka Lubumbashi ndani ya kisanduku cha barafu, na umeme ukikatika siku mbili mfululizo Mbelu huanza kuzunguka kwa majirani wenye jenereta.

Jambo hili humgusa ndani. Mama yake mzazi alifia Kisenge kwa ugonjwa wa titi, akipewa dawa za kubahatisha. "Mpaka leo sijue kansere yake ilikuwa ya namna gani," anasema, na sauti iliyokuwa inafika getini haifiki hata mlangoni. "Hakuna mutu alipima. Labda kulikuwa dawa. Labda hakukuwa. Kutojua kunaniuma kuliko kifo yenyewe."

Ndiyo maana huwaeleza ndugu za wagonjwa kila kitu, hata wasipouliza, na huwaeleza kwa lugha ya mji wao. Kolwezi mtu yeyote, hata mtoto wa shule, anajua *teneur*: kiasi cha shaba au kobalti kilichomo ndani ya jiwe. Mchimbaji analeta gunia lake kwa mnunuzi, mnunuzi analilenga jiwe kwa mashine, mashine inatoa namba, na namba hiyo ndiyo chakula cha nyumbani.

"Nawaambiaka: majiwe mbili zinafanana, lakini moja iko na kobalti, ingine ni udongo tu," anasema Mbelu. "Nyama ni vile vile. Tunatafuta teneur yake. Wanaelewa palepale! Miaka yote wanaelewa."

Anajipiga kofi la mdomo kwa utani. "Ila mara hii walielewa sana."

Gracien, mume wa Darlène, hununua na kuuza mawe. Alikuja maabara siku moja kabla mkewe hajakatwa, akiwa na hofu, kuuliza watamfanyia nini. Mbelu akamweleza habari za teneur, na Gracien akaondoka ametulia.

Jumamosi Darlène akakatwa kipande. Kama ilivyo desturi ya hospitali nyingi za huku, familia ndiyo inayokabidhiwa chupa ili iipeleke maabara. Maabara ilikuwa imefungwa mchana huo, kwa hiyo Gracien akaambiwa ailete Jumatatu. Akarudi nayo nyumbani.

Jumatatu asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni, amevaa shati la kanisani.

"Mama, nimeleta. Iko safi kabisa."

Mbelu alifungua mfuko. Ndani yake mlikuwa na kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, na ndani ya kitambaa mlikuwa na kipande cha nyama, pembeni kikavu kama dagaa. Hapakuwa na chupa wala dawa.

"Tata Gracien," alisema taratibu, "ile dawa ya mu chupa iko wapi?"

"Ile maji ya kunuka? Niliimwanga jana. Nikaosha nyama muzuri na maji ya safi, nikaanika ku mabati ikauke. Kuku zilikuwa zinazunguka, njo nikakaa pale chini na fimbo mpaka mangaribi. Hata misa sikuenda."

"Ee mama! Juu ya nini?"

"Mama, si weye mwenyewe ulisema ni teneur?" Gracien alishangaa kweli. "Jiwe ya buchafu, mashine inasoma chini. Jiwe yenye maji, banakukatia uzito. Sasa mi nilete bibi yangu na buchafu, bamusome mubaya?"

Ni katika mji gani mwingine mume angefanya hivyo? Kwa mchuuzi wa mawe, kuosha na kuanika ndiyo heshima ya mwisho anayoweza kuupa mzigo. Huyu aliitoa heshima yote aliyokuwa nayo.

"Nilitaka kumupiga," anakumbuka Mbelu. "Nilitaka kulia. Halafu nikamuangalia vile anasimama na shati yake, nikataka kumukumbatia. Makosa ni ya mulomo yangu. Sikumuambia kama nyama haioshwake."

Walijaribu. Mbelu aliirudisha nyama ndani ya formalini, akaipitisha hatua zote, akakata juu juu na kudondosha kingamwili. Saratani ilionekana wazi. Kahawia haikuonekana hata chembe moja.

Anayesoma vioo hivyo ni Docta Benoît Mpoyi, mtaalamu wa magonjwa ya tishu, mrefu, mpole, mtu wa kusema neno moja kwa saa. Aliangalia mara mbili, kisha akamwita Mbelu aje kuangalia naye. Pembeni ya saratani kulikuwa na mifereji ya maziwa yenye afya. Mifereji hiyo nayo ina vipokezi, na katika kipimo kizuri lazima baadhi ya chembe zake zigeuke kahawia. Safari hii ilikuwa kimya pia.

"Hii si jibu," alisema daktari. "Ni ukavu. Tukiandika kwamba hana vipokezi, tutamunyima vidonge, na pengine njo dawa yake."

Njia ya kawaida ingekuwa kumkata Darlène kipande kingine. Docta Benoît mwenyewe alikwenda kumwomba, na Mbelu akamsindikiza. Darlène aliwapa viti, akawapa soda, akawakatalia. Sokoni walikuwa wamemwambia kwamba kisu huuamsha ugonjwa uliolala. "Mulinikata, nyama ikaharibika," alisema. "Munikate tena, iharibike tena? Hapana, docta. Niache nife muzima."

Gracien alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Tangu siku hiyo, mkewe anasema, aliacha kula mezani na wenzake.

Ikabaki njia moja: kwenda ndani zaidi ya kipande kile kile, mahali ambapo formalini ilikuwa imekwisha kufanya kazi kabla haijamwagwa, na ambapo jua la mabati huenda halikufika. Lakini kipande ni kidogo. Kukifikia kiini chake kunamaanisha kuzitupa tepe za juu, na mkono ukiteleza, kiini nacho kinakwenda na takataka.

"Kata," Docta Benoît alimwambia. "Mi mukono yangu haiwezi ile."

Kwa hiyo ndivyo tunavyomkuta Mbelu asubuhi hii. Vioo vitatu vimepata nyama, na kwenye nta hakuna kitu tena. Anavipeleka kwenye joto, kisha kwenye dawa, kisha kwenye kingamwili, na saa zote za kusubiri hakai chini. Anafuta meza iliyokwisha kufutwa. Anamuuliza mwandishi kama ana watoto, hasubiri jibu, anauliza tena. Tunakula muhogo wake na karanga, na yeye hali.

Alasiri rangi inaiva. Docta Benoît anaweka kioo cha kwanza chini ya hadubini, na Mbelu anageukia ukutani, kwa sababu hawezi kutazama uso wa daktari.

"Mbelu. Mifereji imeitika."

"Na kansere yenyewe?"

"Njoo uone."

Mifereji ya maziwa ina madoa ya kahawia, kwa hiyo safari hii kipimo kinasema kweli. Na kuizunguka, saratani ya Darlène Kapinga imejaa kahawia upande mpaka upande, chembe kwa chembe. Mbelu anaangalia, anaacha kuangalia, anaangalia tena. Machozi yanamtoka waziwazi wala hajifichi. "Ee Mungu," anasema, "iko na sikio. Ugonjwa hii iko na sikio, itasikia dawa!"

Darlène na Gracien wanaitwa kwa simu, na wanafika kabla ya jioni juu ya pikipiki moja. Darlène bado amevaa aproni ya sokoni, ananukia samaki. Gracien anabaki karibu na mlango.

"Docta," anauliza kwa sauti ndogo, "teneur ni ngapi?"

"Tisini kwa mia."

Gracien anashika kichwa kwa mikono miwili. Katika maisha yake ya kununua mawe hajawahi kusikia namba kama hiyo. "Tisini! Basi imemujaa! Basi amekwisha!"

"Hapana, tata, sikia," Mbelu anamwahi. "Si tisini ya kifo. Ni tisini ya yenye kusikia dawa. Mu mia, tisini zitasikia vidonge. Kwa hii kipimo, tisini ni muzuri."

"Ni muzuri?"

"Ni muzuri sana, tata yangu."

Gracien anakaa sakafuni hapo hapo na kulia kwa sauti. Mkewe anamtazama. "Inuka," anamwambia, akiionyesha suruali yake iliyogusa sakafu. "Ile patalo ni mi njo nafuaka." Lakini mkono wake umekwisha kumshika bega, na hautoki.

Docta Benoît hawadanganyi. Vidonge vitaendelea kwa miaka isiyopungua mitano, na kabla ya hapo uvimbe lazima utolewe wote. Yaani kisu. Gracien anatazama sakafu kama mtu anayesubiri kuhukumiwa.

Darlène anaomba kwanza aone. Mbelu anamkalisha kwenye kiti chake, anamrekebishia hadubini. Darlène anaangalia kwa muda mrefu.

"Njo yenyewe hii?"

"Njo yenyewe, mama."

"Na ulimukata weye, na mukono yako hii?"

"Mi mwenyewe."

Darlène anainuka, anajifuta mikono kwenye aproni ingawa haina kitu. "Basi bakate," anasema. "Lakini siku ile weye usimame ku mulango ya opération. Nyama itoke mu mukono ya docta, iingie mu mukono yako. Huyu bwana yangu namupenda, lakini asibebe kitu."

Gracien mwenyewe ndiye wa kwanza kucheka.

Mbelu amekubali kusimama mlangoni, na si kwa Darlène peke yake. Ameiomba hospitali kwamba kuanzia sasa chupa zisipitie tena mikononi mwa familia, ziletwe na mtu wa maabara, na siku asipopatikana mtu, atakwenda yeye. Docta Benoît ameunga mkono. Uongozi haujajibu, na Mbelu hasubiri majibu yao ili aanze.

Wakati anavua koti lake jeupe, mwandishi anamuuliza anatarajia nini baada ya yote haya. Anafikiri huku akifunga madirisha.

"Miaka yote hii najua nyama za batu, sura zao sizijue," anasema. "Huyu nataka kumuona. Siku vidonge vyake vya miaka tano vitaisha, mi nitakuwa karibu kuacha kazi. Nitaenda kwake sokoni, nikae ku kiti, nimukatalie bei, anitukane mbele ya batu bote. Njo pension yangu ile."