Makofi Yangu Yamehamia Bumala

Busia nzima hakuna anayejua kanda za roki zilizorekodiwa jukwaani kama mimi. Anayebisha aje mtaani kwangu Burumba tupimane. Roki ya studio ni uji wa mgonjwa. Kanda yangu bora ina umati unaonguruma, kisha jamaa mmoja anapiga mluzi mara mbili, anakohoa, ndipo gita linaingia. Kile kikohozi nakipenda kuliko wimbo wenyewe.

Wiki jana niliipeleka kwa fundi wa kurekodi kanda hapa mjini anitolee nakala. Kuisikiliza, nikaganda. Nyimbo zipo, umati hakuna!

"Boss, watu wangu wako wapi?"

"Nimekutolea kelele, na hata sikulipishi," akajibu, akipuliza vumbi kwenye mashine kwa madaha.

"Na kanda yangu?"

"Nimempa mteja anayetaka kelele. Wewe si umebaki na nyimbo?"

Jumamosi nikapita Bumala, nikakuta mgombea udiwani amesimama juu ya pikapu mbele ya watu kama ishirini. Alipoinua mkono, spika zikanguruma kama uwanja umefurika. Mluzi mara mbili. Kikohozi.

Mama muuza ndizi akanivuta shati: "Kijana, hao wanaoshangilia wako wapi?"

"Ulaya, mama. Na walilipa kiingilio."

Kura yangu asahau. Si kwa sababu ya makofi, hayo nimeshamsamehe. Baada ya kile kikohozi huwa linaingia gita, na yeye akaingia na habari za mitaro.