Ngoma Aliyoitaka Bwana Shauri

Harufu ya makapi ya mkonge yaliyooza ni chachu na nzito, nayo huganda katika nguo hata zikifuliwa. Nikiisikia leo hunijia zile wiki ambazo hatukuisikia kabisa, kwa kuwa korona, mtambo wa kuchambua nyuzi, ilikuwa imenyamaza. Wafanyakazi wa shamba la mkonge lililo jirani na kijiji chetu, upande wa Moa, walikuwa wamegoma.

Baba yangu alikuwa miongoni mwa waliosimama mbele. Askari walimchukua pamoja na wenzake, ikasemwa kwamba ni Wakomunisti. Mimi, mtoto mdogo, nilidhani hilo ni kabila. Nikamwuliza mama kwa nini tulifichwa siku zote kwamba baba si Mdigo. Mama hakucheka. Minong'ono ilikuwa kwamba watahamishiwa mbali, tusiwaone tena.

Korona ikarudi kunguruma, lakini Bwana Shauri, mzungu aliyesimamia wilaya, hakuiamini kazi iliyofanywa kimyakimya. Jumbe wetu alikuja barazani, akavua kofia.

"Mama Mwanaidi, kila nikienda bomani naulizwa neno moja: je, ngoma zapigwa? Nikijibu hapana, asema watu wangali na moto vifuani, basi wale hawatoki."

"Na wewe hukumweleza?"

"Nilimweleza. Asema hizo ni hadithi."

Alichoelezwa ni desturi yetu: kijiji hakipigi ngoma kabla ya nyumba yenye huzuni kuwa ya kwanza kupiga. Kijiji kizima kilikuwa kikitungoja sisi. Na nyumba kama yetu haikuweza kuitoa huzuni kwa ngoma ya mchezo. Ilipasa iwe harusi.

Usiku ule mama alimwita dada yangu Mwanaidi. Kulikuwa na mchuuzi wa ng'onda, samaki wa kukaushwa, kutoka Mkwaja, rika la baba, aliyefiwa na mkewe, ambaye posa yake baba alikwisha kuikataa. Dada aliuliza jambo moja tu.

"Baba atarudi?"

"Inshallah."

"Basi niozeni."

Kadhi alisimama mahali pa baba. Bwana Shauri alialikwa, akaja, akakaa katika kiti cha pekee, akala pilau kwa mkono wa kushoto, nasi tukamsamehe. Ngoma zililia mpaka ardhi ikatikisika. Alimwinamia Jumbe akasema kwamba sasa anaona hali ni shwari. Ndani, Mwanaidi alilia chini ya ukaya, mtandio wa bibi harusi, hata kungwi akatufukuza watoto: "Mwacheni. Maharusi wote hulia." Nilimsadiki, nikarudi kuzigombea zabibu za pilau.

Baba aliachiwa kabla hina haijafutika mikononi mwetu. Alipokwisha kunywa maji, alitazama huku na huku.

"Mwanaidi yuko wapi?"

"Ameolewa Mkwaja," mama alisema.

Baba aliweka kata chini taratibu. "Nani kamwoza?"

"Bwana Shauri."

Niliona ni mzaha wa mama, nikacheka peke yangu. Nilipokuwa mtu mzima, nikavishwa ukaya kwa hiari yangu na nikalia kidogo tu, kwa kutimiza desturi, ndipo nilipofahamu kwamba kilio cha dada yangu siku ile hakikuwa cha desturi.