Nimemwangukia Baba Mkwe

Marafiki, leo nimemwangukia baba mkwe kifuani, mchana peupe, mbele ya watu.

Tulikuwa yadi ya magari hapa Kisii, kuwatafutia wakwe zangu gari lililotumika, lililoinuka kidogo kutoka chini, lisilokunywa mafuta sana.

Tukapata moja zuri. Mzee akakaa mbele, mimi kwenye usukani, mama mkwe nyuma.

Mzee akasema kiti kinamuumiza mgongo.

Mimi na haraka zangu, nikainama nivute kile chuma kilicho upande wa mlango wake.

Kiti kikalala chote. Mzee akalala nacho. Nami juu yake!

Wakisii wenzangu mnajua: mke wa mtoto hamgusi baba mkwe, hata mkono hampi.

Mama mkwe akajifunika uso kwa leso. "Yaani Mama Kerubo, hukuweza kuniambia mimi nikivute?"

Mzee akatazama paa. Kisha akamwambia mkewe, si mimi: "Mwambie gari ni zuri, tulichukue. Lakini mimi nitakaa nyuma."

Tukalilipia, nikawaendesha hadi kwao Ekerenyo, mzee kiti cha nyuma. Mimi nilikuwa naomba tu kimoyomoyo.

Kesho ni Sabato, na wa kuwapeleka kanisani ni mimi.

Jamani, nitamtazama vipi kwenye kioo?