Stima Niliyoipanda Kwenye Kopo la Dhania

Shemeji yangu Barasa aliponinyooshea ile soketi nyeupe akaniambia, "Chukua, ni ya ndani lakini haitajua iko nje," nilipaswa kuikataa pale pale, na mpaka leo, mzee mzima wa meno machache, nikikumbuka nilivyocheka na kuitia mfukoni, uso unapata joto. Nasimulia kwa aibu, lakini heri nisimulie mwenyewe, maana pale mtaani Jericho walishasimulia vya kutosha na kila mtu akatia chumvi yake.

Ilikuwa miaka ya tisini. Binti yetu wa pekee, Nekesa, alikuwa amepata mchumba, na wazee wa kijana walikuwa waje Jumamosi kumposa. Mimi shida yangu haikuwa ng'ombe (sawa, wachache niliwataka), shida yangu ilikuwa kitu kimoja tu: siku ya harusi Nekesa atoke mlangoni pangu nikiwa nimemshika mkono, na majirani wote waone. Sasa nyumba ya kaunsili ya jiji ni vyumba viwili, wageni ilibidi wakae nje chini ya hema, na huko nje hakukuwa na stima ya zile spika na maikrofoni nilizoazima kanisani.

Nikamwendea Mzee Juma wa Pumwani, fundi wa stima ambaye tulifanya naye kazi kiwanda kimoja. Akaja Alhamisi, akautazama ukuta, akakuna ndevu.

"Baba Nekesa, soketi ya nje ina nguo zake. Inavaa kifuniko cha kuzuia maji, waya wake unapita ndani ya bomba, na inawekewa swichi ya kujikata yenyewe stima ikivuja. Tena hugusi kitu kabla ya kuzima meinswichi. Nipe mpaka Jumatatu nitafute vifaa."

"Wageni ni Jumamosi, Mzee Juma."

"Basi Jumamosi ongeeni kwa midomo. Watu ishirini wanataka maikrofoni ya nini? Na huyo atakayekudanganya kwamba anaweza, mwambie asisahau ardhi, ule waya wa kupeleka stima iliyovuja chini udongoni. Stima ikikosa ardhi itatafuta mtu."

Jioni hiyo hiyo Barasa akaja kutoka kwake Huruma na soketi yake, na aliyedanganywa nikawa mimi, na aliyenidanganya nikawa mimi pia, kwa sababu nilikuwa nimemaliza sekondari na nilikumbuka fizikia kidogo (kidogo sana, kumbe).

Ijumaa nikazima meinswichi, hilo angalau naliringia, nikatoboa ukuta na kuvuta nyaya tatu: mwekundu, mweusi na wa kijani. Wa kijani ndio wa ardhi, hilo nilijua, lakini kwenye lile sanduku kuukuu la ndani sikuona pa kuufunga, na nje palikuwa saruji tupu kutoka mlangoni mpaka mferejini. Ardhi nitaitoa wapi? Ndipo nikaliona kopo la mke wangu pale kizingitini, lile alimopanda dhania. Nikasema, si huu ni udongo? Nikauchomeka waya wa kijani katikati ya dhania, nikashindilia kwa vidole, na kwa kuwa niliwahi kusikia kwamba ardhi yenye unyevu ndiyo nzuri, nikamwagilia.

Nekesa akapita na ndoo. "Baba, unafanya nini na dhania ya mama?"

"Fizikia, mama. Wewe pita."

Jumamosi spika ziliimba vizuri, mpaka nikamtazama Mzee Juma (alikuwa amealikwa, amekuja na kanzu yake safi) kwa jicho la umeona? Kisha manyunyu yakaanza. Hakuna aliyejali. Msemaji wao, Mzee Wanyonyi, ami yake kijana, pande la mtu, akasimama na maikrofoni. Mnajua posa haisemwi moja kwa moja, mgeni husema ameona ua. Mzee akaanza: "Sisi tulikuwa wasafiri, na tulipopita hapa Jericho, katika boma hili tuliona u... u... ua! Ua! Uaaa!"

Akina mama, wakidhani furaha imemzidi, wakapiga vigelegele. Barasa akapiga makofi: "Rudia hapo, mkwe! Rudia!" Kumbe mzee amesimama kwenye kidimbwi, mkono umekataa kuachia, na neno lilipotoka zima likawa, "Inaniua!"

Mimi niliganda. Aliyeamka ni Mama Nekesa, ambaye alitoka jikoni na mwiko mkavu, ulikuwa bado haujaingia kwenye ugali, akamchapa mzee kwenye kifundo cha mkono mpaka maikrofoni ikaruka. (Kwetu mama wa binti hata mkono hampi mzee wa upande ule. Kumgusa ni mwiko, na yeye alimgusa kwa mwiko.) Nekesa alikuwa ameshakimbilia meinswichi.

Mzee Wanyonyi akaketishwa, kiganja kimewiva, akapewa chai. Mzee Juma akaufuata ule waya polepole, akakunja kanzu, akachuchumaa mbele ya kopo.

"Hii ni nini?"

"Ardhi," nikasema.

"Baba Nekesa. Umepanda stima? Na dhania?"

Hema zima likacheka, na Mzee Wanyonyi mwenyewe akatabasamu. "Nimeposa nyumba nyingi," akasema. "Kuna nilikonyimwa chakula, kuna nilikotukanwa. Kuchomwa na stima halafu kuchapwa mwiko, ni hapa tu." Nikadhani nimesamehewa. Lakini alipoinuka akaongeza, bila hasira, "Msichana tunamtaka. Ila mimi miguu yangu hapa hairudi. Yaliyobaki, mpaka harusi, tutayamalizia kwa mjomba wake, huyu Barasa."

Nilimwendea mara mbili kuomba radhi, na jogoo mkononi. Alipokea radhi, akapokea jogoo, akakataa kurudi. Mzee Juma naye alikuja Jumatatu kama alivyosema, akaweka soketi ya nje yenye kifuniko chake, na nondo ya shaba akaipigilia kwenye ardhi ya kweli nyuma ya nyumba. Vijana wa mtaa waliniita Baba Dhania mpaka wakaota mvi: "Niaje, Baba Dhania, mvua imeona shamba?"

Simlaumu Barasa. Yeye alitoa soketi tu, mikono ilikuwa yangu. Siku ya harusi Nekesa alishuka ngazi za ghorofa kule Huruma, mjomba wake amemshika mkono, na mimi nilikuwa chini na wageni wengine. Aliponifikia alinikumbatia, akanong'ona, "Baba, dhania imeota tena." Nikacheka, nikalia.

Tangu hapo sijashika bisibisi. Niliambiwa ningoje siku nne nikakataa, na kwa hilo binti yangu wa pekee hakutoka mlangoni pangu.